Daftari la Fataki

Baba hakuamini neno bahati.
Aliamini mizani ya sonara aliyoinunua Masasi,
baruti iliyopimwa kama dawa ya mtoto,
risasi zilizopangwa kwa uzito juu ya kanga ya mama,
na maganda ya shaba yaliyosuguliwa kwa majivu na ndimu
hadi yakang'aa.

Bunduki ilikuwa ya kijiji.
Ililala kwa mtendaji wa Mnero, kabatini,
ikitoka kwa sahihi mbili na kikohozi kimoja.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na ule usiku wa Machi:
dume la nguruwe katikati ya mihogo ya Bi Atukae,
hatua sitini, mbalamwezi ya kusomea barua,
na baba akampiga tumbo.
Tumbo. Si bega.
Nguruwe akaondoka na risasi yetu hadi bonde la Mbwemkuru,
akarudi nayo siku ya tatu, kisimani,
akaukuta mguu wa Likwena.
Likwena hakutulaumu hata siku moja,
na hilo ndilo lililomnyima baba usingizi.

Akaanza kulisaka kosa.
Si jicho. Si mtutu, aliuchungulia mpaka machozi yakamtoka.
Si baruti, ni ileile.
Kikabaki kile kidude kitakoni mwa ganda,
kidogo kuliko punje ya mbaazi,
ambacho hakuna aliyewahi kukishuku.

Tulikuwa na kopo jekundu, fataki kali,
aliloliacha mwindaji mgeni pamoja na deni la mayai.
Tulikuwa na boksi la bluu, za kawaida,
zilizokuja kwa kibali na kwa basi, kutoka Dar.
"Kali ndiyo dawa," alisema Mchopa kwenye kahawa.
"Moto ni moto."

Nyuma ya makaburi ya zamani kuna kichuguu kipana.
Tukakibandika karatasi ya mfuko wa saruji, duara la mkaa.
Baba akalala kifudifudi, bunduki juu ya gunia la pumba.
Mimi, darasa la sita, nikashika penseli
na daftari lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.

Nyekundu, tano:
moja juu, mbili kushoto, moja pembeni kabisa,
na moja hatukuiona. Labda bado inasafiri.

Bluu, tano:
nilifunika matundu yote kwa korosho moja,
ghafi, na ganda lake.

Baba hakucheka. Akasema, "Rudia."
Tukarudia Jumamosi. Tukarudia baada ya mvua.
Tukarudia siku ambayo mama alikuwa hasemi na sisi.
Nyekundu ikatawanya vilevile, kuku walioona mwewe.

"Kali inaishtua baruti," aliniambia njiani,
akilitoa neno polepole kama mwiba.
"Baruti iliyoshtuka haiungui, inaropoka.
Leo hivi, kesho vile.
Hii ya bluu inaiamsha
kama unavyomwamsha mgonjwa umpe uji."
Kisha, baada ya hatua nyingi:
"Si kwa kila bunduki. Kwa hii."

Msimu uliofuata, dume jingine, shamba lilelile.
Risasi moja. Bega.
Akaanguka pale pale, jani la muhogo bado mdomoni.
Wenye kula wakala.
Baba akaliokota ganda likiwa bado na joto
akampelekea Likwena, akaliweka kiganjani mwake.
Likwena akalinusa, akalitia mfukoni,
akaingia ndani kwa mguu wake mmoja na nusu.

Sasa sahihi ni yangu.
Mtendaji mpya alicheka mara ya kwanza, akaacha.
Kwenye boksi la bluu zimebaki saba.
Dukani, mjini, wananisogezea kopo jekundu:
"Dada, hizi ni kali."
Nalitikisa karibu na sikio.
Nalirudisha.