Soksi za Bi Eluned

Saa moja kasoro robo, Pontypool, mvua ya rasharasha.
Natundika koti langu mlangoni: nailoni,
maji yanateleza mgongoni mwake
kama nasaha kwa mtu asiyetaka kusikia.
Bi Eluned ameshaamka. Miguu imevimba tena.

Kazi ya kwanza ni soksi.
Si za mapambo: soksi za kubana, alizoandikiwa na daktari,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.
Nazikunja mpaka kisiginoni, naye anashika bega langu,
tunavuta, inchi kwa inchi,
kama tunamrudishia nyoka gamba alilokwisha kulivua.

"Vuta, mwanangu. Haina nguvu mpaka uivute."

Hilo alilijua akiwa na miaka kumi na saba,
kiwandani, zamu ya usiku, pamba masikioni.
Uji wa moto ulipita tundu jembamba kuliko la sindano
ukatoka uzi, lakini uzi mlegevu, uzi mvivu,
hadi magurudumu mawili, moja likikimbia kuliko mwenzake,
yauvute mara nne ya urefu wake.
Hapo, anasema, ndani yake kila kitu kilijipanga safu,
na uzi ukakataa kukatika.

Kwetu tunasema kamba hukatikia pembamba.
Huu haukuwahi kuisikia methali hiyo.

Namswaki meno: nailoni.
Zipu ya sketi, zulia lenye alama ya pasi,
kamba ya pazia, wavu wa vitunguu jikoni.
Nilipokuwa mdogo Muheza, nailoni ilikuwa mfuko wa dukani,
jina tulilokipa kila kitu chepesi kilichong'aa,
tukikosea, tukielewana.

Kwenye droo ya chini ana jozi moja ya mwaka hamsini na saba.
Ilifumuka gotini siku ya kwanza,
akaiziba kwa tone la rangi ya kucha.
Tone lipo mpaka leo, jekundu, gumu kama punje ya mtama.
Anacheka: Idris, mumewe, alikuwa akivua shati gizani
cheche zinaruka,
na mama mkwe chumba cha pili anadhani nyumba inaungua.

Kisha, bila kunitazama:
"Na babu yako, yeye alifanya kazi gani?"

Nifanyeje na swali hilo, nimepiga magoti,
soksi moja imevaliwa, ya pili mkononi?

Babu Mgaya alishuka kutoka Njombe kwa lori, manamba,
kipande mfukoni, siku thelathini za kutiwa alama.
Alikata mkonge hadi miiba ikamzoea.
Korona (ule mtambo, si maradhi) ilisaga majani usiku kucha
na nyuzi zikaanikwa juani, nyeupe,
kama mvi za mtu mkubwa mno kuonekana.
Halafu bei ikaanguka.
Wakasema kuna kamba mpya huko Ulaya:
haiozi, haichomi, haimhitaji mtu shambani.
Korona ikanyamaza. Babu akabaki
na panga, na kikohozi, na barabara ya kurudi
aliyokwisha kuisahau.

Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa tayari,
yamevutwa, yamejipanga safu.
Lakini mkono wake ulikuwa begani mwangu,
mwepesi, unatetemeka kidogo,
na ni mkono uleule uliofunga nyuzi zilizokatika
kwa mshahara wa msichana, akampelekea mama yake wote.

"Alitengeneza kamba," nikasema.

"Kumbe!" Uso wake ukafunguka kama dirisha.
"Basi tulikuwa kazi moja."

Nje mvua inagonga mwavuli wa mtu anayepita.
Sikumsahihisha.
Nikaikunja ya kushoto mpaka kisiginoni,
nikashusha pumzi.
Tukavuta.