Jiwe Kwenye Foleni

Huku Pipeline maji huja Jumanne na Ijumaa,
usiku wa manane, yakipenda.
Hatupangi foleni sisi wenyewe. Tunapanga mawe.
Jiwe la Kemunto, kigae cha Shikuku,
kopo la rangi lililoganda saruji, la yule wa gorofa ya sita
ambaye jina lake hatulijui, ila kopo twalijua.

Jiwe likikaa, mtu amekaa.
Zamu ikifika naye amelala, utapanda ngazi umwamshe.
Hakuna aliyetia sahihi. Hakuna kifungu wala jedwali,
wala askari wa kulinda mfereji.

Kule Parklands, Dakta Mwikali huandika ubaoni
kwa chaki inayolia:
*Sheria hupata wapi nguvu zake?*
Tunajibu. Kwa mtawala na fimbo yake.
Kwa mapatano ya watu waliochoka kuuana.
Kwa akili. Kwa Mungu. Kwa mazoea.
Jelagat wa dawati la mbele hujibu kwa Kilatini
na sisi wa nyuma tunanakili hadi makosa yake.

Siku ile nilitaka kuinua mkono niseme: kwa mawe.
Nikajikuna shingo.

Mkesha wa mtihani, maji yalikuja saa tisa.
Taa ya ngazini iliungua tangu Pasaka.
Nilikuwa wa pili. Wa kwanza Kemunto,
gorofa ya tano, na mtoto mwenye homa.
Ngazi themanini. Nilizihesabu kwa macho, gizani.
Kisha nikalisogeza jiwe lake kwa ncha ya ndala,
taratibu, kama mtu anayefunua ukurasa.

Hakuna aliyeniona. Hata paka.
Nikajaza mtungi wa kwanza, nikajaza wa pili,
mfereji ukakohoa,
ukatema hewa,
basi.

Swali la kwanza, la lazima:
*Pasipo adhabu, je, pana sheria? Jadili.*
Nikajadili, mwili unanukia sabuni.
Kurasa kumi na moja. Niliwagombanisha wafu wa Ulaya,
nikawapatanisha, nikawapa kila mmoja haki yake,
nikahitimisha kwamba, kwa kiasi fulani,
ndiyo, na pia la.

Jioni nikapanda zile themanini, mtungi begani.
Kemunto akafungua, mtoto mgongoni,
nyuma yake beseni la nepi zilizokauka na povu lake.
Hakuuliza kitu. Akamimina maji kwenye pipa
mpaka tone la mwisho, akanirudishia mtungi, akasema:
"Ijumaa weka jiwe lako mapema."

Nilipata sabini na mbili.
Dakta aliandika pembeni kwa wino wa kijani: *Mifano iko wapi?*

Jiwe la Kemunto lina doa la rangi ya kucha, jekundu.
Sikuwa nimeliona, usiku ule.
Siku hizi nikishuka huweka langu nyuma yake
na huacha nafasi katikati,
ya kidole kimoja,
sijui ya nini.