Kengele ya Mbuzi

Elinami ameing'oa injini,
imelala chini ya mparachichi, kuku wanaidonoa.
Mahali pake betri, nzito kama mtoto wa chekechea.

Zamani Aikande alimsikia tangu Kiboriloni:
mlio ukikohoa kwenye kona, anapasha kiburu.

Jana pikipiki iliingia uani kama paka.
Mbwa kimya. Chungu baridi.
Aikande akalinusa shati: halina petroli.
Akalinusa tena, akamshuku.
"Ulikuwa kwa nani?"

"Kwenye chaji."

Asubuhi mlima uko wazi,
theluji yake kiduchu, chumvi iliyobaki kifunikoni.
Hakuna aliyeutaja.
Aikande akafunga kengele ya mbuzi kwenye usukani,
mafundo mawili.

Sasa pale Mbuyuni, Elinami akipita,
watu wanageuka
kutafuta mbuzi.