Sikio la Kushoto

Mama, visikilizi vyako usiviache juu ya dashibodi.
Agosti, hapa Ibra, gari ni tanuri;
hata usukani tunaushika kwa ncha ya shela,
sembuse betri ndogo kama punje ya dengu.
Ikivimba haiponi.
Haina dawa, haina kuumikwa.

Nilimwandikia yote kwa wino mzito,
nikabandika karatasi mlangoni mwa friji,
chini ya sumaku ya duka la gesi:
Ikifika ishirini, virudishe kashani.
Ikifika themanini, yatosha.
Usilaze kasha kwenye umeme mpaka alfajiri.
Usivivae ukijifukiza udi,
moshi unaganda kwenye kile kichujio chembamba
na sauti za watu zinatoka na mafua.

Akasoma, miwani imemshukia puani.
"Themanini yatosha?
Nani kakufunza kuinuka siniani kabla hujashiba?"

Wewe, Mama.

Lakini cha kulia kilikuwa kinakufa.
Saa moja na nusu tu, kisha ule mlio wa kushuka,
na Khalati Ghaniya, kule Bujumbura,
anakatwa katikati ya jina la mtu,
hatujui tena ni nani aliyeoa, ni nani aliyezikwa.

Nikafungua kasha. Nikasafisha kwa pamba kavu
na kile kijiti chake cha wanja
viguso viwili vya rangi ya dhahabu.
Cha kulia kilikuwa na nta, kina uchovu, kina alama za kucha.
Cha kushoto kilikuwa kipya.
Kipya kabisa, kama viatu vya maiti.

Nilisahau. Mimi, mwanawe, nilisahau:
sikio lake la kushoto lilifungwa na homa
akiwa na miaka tisa, Gitega,
na tangu hapo ulimwengu humjia kwa upande mmoja.
Basi kila siku kimoja kinatoka kwenda kazini
na kimoja kinabaki kitandani,
mia kwa mia, asubuhi mia, usiku mia.

"Hicho nacho kinazeeka," nikamwambia.
"Kwa raha?"
"Kwa kushiba. Betri isiyotumwa
inachakaa kimyakimya, ikijaa tu."

Hakujibu. Akaenda kukoroga chai.

Ijumaa, baada ya chakula, kiyoyozi kinanguruma,
akaweka cha kulia sikioni mwake,
kisha akachomoa cha kushoto kwa vidole viwili
kama mtu anayetoa mwiba wa samaki,
akakifuta kwa pindo la kanga,
akanipachika mimi.

"Na hiki kifanye kazi."

Hakuna waya, lakini alinivuta ubavuni pake
kana kwamba upo, kana kwamba ni mfupi.

Na Khalati Ghaniya akaingia kichwani mwangu mzima mzima,
na kikohozi chake, na Kirundi chake cha kupachika:
"Huyo Raya wako bado anakubandikia sheria kwenye friji?"
"Yupo hapa, anakusikia."
"Na asikie."

Wakarudi kwenye mambo yao.
Cherehani waliyomwachia jirani walipoondoka.
Bei ya sukari. Goti.
Tena cherehani: gurudumu lake, droo yake ya vifungo,
nani anaikalia sasa.

Kisha Mama akashika sikio.
Cha kulia kimezima.
Nikataka kumpa changu; akakisukuma mkono wangu.
Sikio hilo, si unajua, halina mlango.

"We endelea naye. Mimi nachaji."

Akakirudisha kashani, akatwaa simu,
akakaa anazitazama tarakimu zinavyopanda
kama anayesubiri maziwa yasifurike.
Upande wangu wa kushoto Khalati anauliza:
"Umenyamaza, umo?"

"Nimo," nikasema. "Hebu niambie,
hiyo cherehani, bado inashona?"

"Sabini na tano," akasema Mama.
"Bado kidogo."