Kitasa

Pafukapo moshi pana moto, lakini si Okutama, si mwezi Machi.
Mgeni huona mlima unafuka, akatafuta simu.
Sisi tunafunga madirisha, tunaanika shuka ndani.
Na baba, aliyeipanda mierezi ile
akiwa na miaka kumi na mitano, kwa jembe na kikapu,
serikali ilipotaka mbao,
anapiga chafya tisa mfululizo
kisha anaiomba meza radhi.

Nimeuza vidonge miaka thelathini na mmoja,
nikiwachorea watu pua nyuma ya risiti.
Hii seli, imejaza histamini kama mtoto aliyejaza mawe mifukoni;
chavua ikitua, anayamwaga yote.
Hivi vipokezi, vitasa vidogo juu ya neva na mishipa.
Histamini inaingia, to!
Pua inawasha, mshipa unavuja, makamasi hayana adabu,
mwili mzima umetangaziwa vita
na adui ni vumbi la mti.

"Kwa hiyo kidonge kinaziba tundu," alisema Bi Tamaoki.
Nikaitikia, maana foleni ilikuwa ndefu.
Ila sivyo hasa.
Kitasa hiki hakingoji ufunguo.
Hata usiku wa theluji, bila chavua,
hujifungua chenyewe, hujifunga, hujifungua,
kama kuna mkono unachezea komeo gizani.
Kidonge huushika mkono ule.
Tulia, huuambia.

Baba havitaki vidonge vipya.
Anataka vya zamani, vya kopo la kijani,
vile vinavyopenya hadi ubongoni
ambako histamini hiyohiyo ndiyo inayotuweka macho.
Akimeza saa mbili, saa tatu amelala kitini,
pua kavu, miwani imemteleza.
Nikalificha kopo nyuma ya gunia la mchele.

Jana akaniuliza, kwa heshima, kama mteja:
"Chigusa, kuna dawa ya kuzima pua
isiyozima na mengine?"
Ipo, nikasema, na haraka ya kazi ikanipanda,
nikaanza kueleza kipimo.
Akautazama mto wa mama, bado uko pale zuliani
tangu Februari.
"Basi hiyo usinipe."

Nilikaa. Nje mlima ulifuka.
Kisha nikaenda nyuma ya gunia,
nikakata kidonge kimoja kwa kisu cha matunda:
nusu yake,
nusu yangu.