Tundu la Chozi

Vojko aliisukuma hadi mlangoni, injini ikifuka,
uso umemwiva.
"Ni rejeta, Zdenka. Kifuniko nimebadilisha mara mbili."
Akajitwika jibini zake, akashika njia ya soko la Tolmin
kwa miguu, akinuka maziwa na moshi.

Wa kwanza kuujua ukweli alikuwa paka.
Alinusa doa la kijani sakafuni.
Nikamfukuza kwa fagio, nikafunika doa kwa maranda:
maji haya ni matamu,
na utamu wake ni kaburi.

Sikugusa spana. Chuma cha moto hakiulizwi.
Nilikula mkate wangu nikisikiliza mabomba
yakipoa, ti, ti, ti,
na nje theluji ya Machi haijaamua
kama itakuwa theluji ama mvua.

Kisha geji kwenye shingo ya rejeta,
pampu ya mkono, mshale ukapanda hadi moja,
ukasimama. Ukasimama.
Ukaanza kushuka
kama mtu anayeondoka matangani bila kuaga.

Tochi. Klipu kavu. Mpira wa juu mkavu, wa chini mkavu.
Rejeta, masikini, haina kosa.
Chini ya pampu ya maji nikaona ukoko mweupe
na tundu dogo kuliko punje ya mtama.

Aliyeiunda injini alilitoboa makusudi:
sili ikifa, maji yatokee hapa, yalie nje,
mwenye macho aone.
Ndani ya tundu hilo, gundi.
Gundi ya kijivu, ngumu, imepasuka ubavu,
na juu yake chapa ya kidole gumba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Najua, nimelelewa hivyo.
Lakini huu ulikuwa ufa wenye kazi.
Maji yaliyonyimwa mlango yaliutafuta mwingine:
kwenye kioo cha oili, rangi ya chai ya maziwa.

Nikamwaga oili mara mbili. Nikang'oa sili kuukuu,
midomo yake imekauka. Mpya nikaigonga polepole,
nikitega sikio. Tundu nikalizibua kwa waya wa gitaa.
Nikajaza maji, nikaminya mipira,
hewa ikatoka kwa kucheua
mpaka mapovu yakaisha.

Vojko alirudi jioni. "Rejeta, sivyo?"
Nikamwekea kile kipande cha gundi kiganjani.
Alikigeuza. Akakilinganisha na gumba lake,
sijui kwa nini, kana kwamba angekuta ni la mwingine.

Alilipa nusu. Nusu nyingine ni jibini,
ambayo paka ameikataa.