Droo ya Shangazi Enid

Droo inakwama, kama zamani.
Uiinue kidogo upande wa kushoto, ndipo uivute,
na visu vitasogea vikigongana,
kumi na vitatu, mipini ya mfupa imegeuka njano
kama meno ya mvuta kiko.

Hapa Sheffield mwenye akili huitwa mkali,
asiyeshika somo huitwa butu.
Mji mzima ulikula kwa makali,
basi hata watoto wake uliwapima kwa kidole gumba.

Mwalimu Ibbotson alimpima shangazi
akiwa na miaka tisa. Akaandika kwenye ripoti,
kwa wino wa buluu, mwandiko wa kulala:
Enid si kisu kikali kuliko vyote drooni.
Bibi aliitandika karatasi hiyo chini ya visu,
sijui kwa hasira au kwa kubana matumizi.

Mkali alikuwa baba yangu, Lionel.
Swali halijafika mwisho, yeye keshalijibu.
Alimsahihisha kasisi hesabu ya sadaka
mbele ya waumini.
Alimuuzia jirani makaa ya jirani mwenyewe.
"Wewe utajikata," bibi alimwambia,
kama waambiwavyo hapa watoto wenye ulimi mwepesi,
na kweli alijikata: mara mbili mahakamani,
mara moja katika ndoa.
Mwerevu hajinyoi.
Baba alijinyoa, gizani, tena akihutubia.

Enid aliingia karakana ya Mzee Drabble
na miaka kumi na minne.
Wenzake walisifu mtu afikiriye akiwa amesimama.
Yeye alifikiri ameketi,
magoti yamebana ubao mbele ya jiwe la kunolea,
mpanda farasi asiyekwenda popote,
tope la njano limemrukia hadi kwenye nyusi.

Alhamisi moja ya Februari
baba alikuja kukopa shilingi mbili.
Alisimama pale pale mbele ya jiwe linalozunguka,
akaanza kisa cha mbwa wa askari,
na karakana nzima ikaangua kicheko
isipokuwa Enid.
Enid aliinuka.
Akaupiga teke mkanda wa mashine,
akamsukuma kaka yake kifuani, mikono yote miwili,
akamtia ndani ya pipa la maji, tai na vyote.

Jiwe likapasuka.
Nusu ilitoka kwa paa.
Nusu ilikaa ukutani, kimo cha kifua cha baba.

Kisha wanaume wakatafuta maneno.
Umeme! alisema mmoja. Risasi!
Mzee Drabble alisema mjeledi, akarudia, mjeledi,
kofia mkononi, midomo imemkauka.
Shangazi alijifuta uso kwa aproni.
"Haraka gani?" akasema.
"Jiwe hili linakohoa tangu Jumatatu.
Nilikuwa nalisikiliza."

Baba alikisimulia kisa hicho miaka arobaini.
Mwanzoni alisukumwa.
Baadaye alisikia ufa wakati ule ule naye.
Mwishoni aliruka mwenyewe,
na ilikuwa bahati tu kwamba dada yake
alikuwa karibu na pipa.
Enid akimenya viazi, hapo hapo, hasemi kitu.
Nilimuuliza kwa nini.
"Mwache," alisema. "Mimi nilishika mkanda,
yeye ashike maneno."

Tumemzika juzi, mvua ikinyesha ya upande.
Leo nimekuja kuchagua kisu kimoja cha kukumbuka.
Sivipimi kwa kidole gumba. Yeye alinifundisha:
weka makali juu ya ukucha, bila kukandamiza.
Kikiteleza, ni butu. Kikishika, kiache, usijionyeshe.

Virefu vinavyong'aa vimeteleza.
Kilichoshika ni kifupi, cheusi,
kimenolewa hadi kimebaki upana wa ukindu,
kile alichomenyea viazi.

Nakitoa, na chini yake naiona ripoti.
Miaka yote ile ya kufungua na kufunga
imeitoboa karatasi mahali pamoja tu.
Sentensi nzima ingali inasomeka.
Lililokatika ni jina la mwalimu.